Gauni la Mgongo wa Zamani

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji mtarajiwa. Natumaini hamjambo na harusi haijawatoa jasho sana. Sisi huku ni wazima, ila cherehani yangu imeninunia na mimi nimeinunia.

Habari kubwa ni mama. Miezi mitatu iliyopita nilirudi kutoka kununua nyuzi nikamkuta amelala kifudifudi sakafuni, karibu na meza ya kukatia, mikono kainyoosha mbele. Nilipiga ukelele hadi wateja wakakimbilia ndani. Bila kuinua uso akaniambia ninyamaze, namvurugia hesabu.

Kumbe alikwenda mwenyewe kwa mtaalamu wa viungo. Unaujua mgongo wake: miaka arobaini ya kuinamia cherehani ilimkunja hadi akisalimiana na mtu anamtazama kwa chini. Mtaalamu akampa zoezi lisilohitaji kifaa. Unalala kifudifudi, paji la uso juu ya kitambaa kilichokunjwa, mikono umeitandaza mbele kama herufi Y, vidole gumba juu. Unainua mikono bila kuinua kichwa, unabana mafupa ya mabega yakaribiane, unahesabu tatu, unashusha. Basi. Nikaliona jepesi, nikajilaza kando yake. Mara ya sita mikono ilitetemeka, nikasingizia kuna mteja mlangoni.

Yeye alianza na mara nne. Sasa anafika kumi na tano, asubuhi kabla ya kufungua duka na jioni tena, na hajaruka hata siku moja. Wateja wakiuliza fundi yuko wapi, hujibu mwenyewe kutoka sakafuni kwamba yupo, wangoje. Dada, namwonea fahari kweli.

Juzi nikamjaribisha gauni lake la kuvaa harusini kwako. Nililikata kwa vipimo vyake vya zamani, sikujisumbua kumpima upya: mgongoni refu, mbele fupi, kama tunavyowakatia waliopinda. Alipolivaa mgongo ukapwaya kama gunia tupu na pindo la mbele likapanda. Hakuhitaji kioo. Aliuliza huyu mama niliyemshonea ni yupi, maana yeye hamjui, akacheka mpaka pini zikamchoma. Mimi sikucheka.

Dada, nilikuandikia kwamba mama ameomba mjomba ndiye akusindikize kuingia ukumbini, eti yeye anachoka. Hakuomba. Niliwaza picha zitakazopigwa harusini, na kibiongo kile mbele ya wakwe zako, nikaona aibu. Kwake nikasema ni wewe uliyemchagua mjomba. Hakukulaumu wala kunilaumu. Aliuliza tu harusi ni tarehe ngapi, na kesho yake akaenda kwa mtaalamu.

Gauni nimelifumua, nalikata upya. Leo jioni nitamwambia ukweli, anifanye atakavyo. Lakini neno la kumwita akusindikize lazima litoke kwako, maana mpaka sasa anaamini ni wewe uliyemwonea haya. Asubuhi hii alipomaliza kumi na tano zake nilimchungulia. Alikuwa anatembea taratibu kutoka mezani hadi mlangoni, kichwa juu, kiwiko kakikunja pembeni kama aliyeshikwa mkono na mtu.

Wasalimie wote hapo, na unisamehe ukiweza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba