Koti Ulilolipiga Pasi

Mama,

Tumerudi. Meli tumeipanda, bahari tumeivuka, hatukuzama, na Zawadi hakutapika hata mara moja. Aliyetapika ni mimi. Najua hapo umeshacheka. Nesi mzima, kazi yangu kushika watu vichwa, nikashikwa kichwa na mtoto wa miaka kumi.

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni hapa Al Thumama, Doha, pale pale ulipokuwa ukitandika blanketi lako la kupigia pasi. Ndege zinashuka juu ya paa kama kawaida, vikombe vinatetemeka kabatini. Ulikuwa ukizitazama dirishani na kuzisonya. "Ndege ni kufika tu. Meli ndiyo kusafiri." Nikikuuliza umesafiri na meli gani wewe, zaidi ya feri ya Likoni, unanijibu eti macho yako yalishasafiri zamani.

Hadithi yenyewe naijua kama sala ya Baba Yetu. Wewe msichana, chumba cha dobi cha hoteli kule Mombasa, meli ya watalii imetia nanga, na wenyewe wameleta nguo zao za jioni zinyooshwe. Magauni ya hariri, makoti meusi, na katikati ya makoti hayo kakoti kadogo ka mtoto. "Mtoto hajafika hata kiunoni, anavaa tai kula supu!" Ulisimulia hivyo miaka yote, umejishika kiuno. Siku hiyo ukaapa kwamba wajukuu wako nao watakula hivyo, katikati ya bahari, hata kama ni mara moja. Sisi tulicheka. Lakini nilipopata kazi Doha, na baba yao hawa watoto akaenda zake, na wewe ukaja kunisaidia kulea, kiapo chako ulikuja nacho kwenye begi. Tukajinyima, tukajinyima, hadi tukakata tiketi nne.

Na yale mazoezi, Mama! Kila Ijumaa, tukishatoka kanisani, maana huku hata Wakristo husali Ijumaa, kitambaa cha meza kimetiwa wanga hadi kinataka kusimama chenyewe, na juu yake ugali na mrenda, kwa uma na kisu. Mrenda, ule utelezi wote, kwa uma! Zawadi kavaa gauni, kaka yake Mwakio kafunga tai ya shule, na wewe unapita nyuma yao na mwiko. "Viwiko! Ondoa viwiko!" Jamani. Mara ngapi nilirudi kutoka shifti ya usiku nimechoka hoi, nikawakuta mmekaa kama mabalozi, mnavutana na mrenda.

Kisha utani wenu wewe na Mwakio. Kwa sababu ana jina la Baba, basi kwako alikuwa mume tangu siku ya kuzaliwa, na Zawadi akawa mke mwenza wako. Hadi kijana wa duka la chini ulimwambia, "Mpe mume wangu mkate." Miaka kumi na sita, ndevu zinaanza kuchungulia, wenzake wa shule wamesimama hapo! Naye alikuwa hakuachi. "Mke wangu, umezeeka, naoa mwingine." Hapo mwiko unamfuata hadi kwenye lifti.

Ugonjwa haukukupa nafasi. Siku ile ulipokuwa bado unaweza kuzungumza ulinishika mkono ukaniambia, "Msije mkaiacha meli kwa ajili yangu. Nguo nimeshazinyoosha." Nilidhani unaweweseka. Kumbe kweli, niliporudi nyumbani nilizikuta kabatini, gauni la Zawadi, gauni langu, na koti jeusi la Baba la harusi, lile ulilompelekea fundi akalipunguza mabega. Zote kwenye mifuko, zimenyooka.

Tulikulaza Voi, kando ya Baba. Pale makaburini wazee wakamtania Mwakio, kama desturi. "Pole, mgane. Sasa nani atakupikia?" Watu wakacheka na machozi yao, na utani ni wa kazi hiyo. Lakini mumeo hakucheka. Wala hakulia. Tuliporudi Doha akawa anachukua sahani yake na kuingia nayo chumbani, anafunga mlango. Ukimwita, "Siskii njaa." Ukimwuliza, "Niko sawa, Mum." Miezi, Mama. Mezani tukabaki mimi na Zawadi. Mimi kilio kinachotoka sikiogopi, nakiona kazini kila siku. Kile kisichotoka ndicho kinachonitia baridi. Niliona nimekuzika wewe, na sasa huyu naye ananiponyoka angali hai, mlango wa pili tu kutoka kwangu.

Nilitaka kurudisha tiketi. Zawadi akalia hadi majirani wakagonga. Basi tukaenda.

Ungeiona hiyo meli! Si meli, ni mtaa. Imejaa mazulia na ngazi, kuna maktaba, kuna ukumbi wa dansi, na nje ni Atlantiki ya kijivu, upepo unakuvua mtandio. Kila usiku saa zinarudishwa nyuma, kwa sababu tunalifuata jua kwenda Amerika. Zawadi alipoelezwa hilo akauliza, "Tukiendelea hivi hivi tusisimame, si tutafika siku ambayo Bibi yupo?" Nilimsuka nywele.

Mezani tuliwekwa na mama mmoja wa Kiingereza, mjane, mkufu wa lulu shingoni, mgongo wima kama wa mwalimu mkuu. Weita wetu alikuwa Mfilipino, na aliposikia tumetoka Doha akafurahi, dada yake anafanya kazi hotelini Lusail, jirani na kwetu. Viti vyetu vilikuwa vinne, kama tiketi. Akaniuliza kwa heshima kama aondoe kile kisicho na mtu. Nikamwambia akiache. Lakini visivyo na mtu vilikuwa viwili.

Mwakio alikuwa anakula juu, kwenye bafe, na jinzi zake. Chini huko, jioni za mavazi rasmi, asiyevaa suti haingii. Jioni rasmi ya kwanza uvumilivu wangu ukakatika. Nilifungua kabati, nikalitoa koti, nikamwambia utavaa leo, utake usitake, bibi yako hakusimama na pasi kwenye joto la Doha ili wewe ule chipsi peke yako. Mama, akanipigia kelele. Mtoto yule asiyejua kuinua sauti. "Usiliguse! Hiyo pasi ni ya Bibi. Nikilivaa itaisha!"

Nikakaa kitandani.

Kumbe ndicho alichokuwa amekishikilia siku zote hizo. Ule mstari kwenye mkono wa koti. Umeuweka wewe, na hakuna mwingine utakaouweka. Nililirudisha kwenye mfuko taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Nilishuka mezani na Zawadi, nikala bila kujua ninachokula.

Aliyetuvusha ni yule mke mwenza wako. Jioni rasmi ya mwisho Zawadi alivaa gauni lake lile lile, limeshajikunja, lina doa la supu kifuani, akapanda kwenye bafe. Nikamfuata nikajibanza kwenye ngazi. Alisimama mbele ya kaka yake, mikono kiunoni, wewe kabisa! "Bibi alizipiga pasi tuzivae," akamwambia. "Angetaka zikae kabatini, angeziacha na mikunjo yake." Mwakio akamtazama. Akalitazama lile doa. Zawadi akaongeza, "Mimi langu limeisha pasi, na bado ni la Bibi."

Akageuka akashuka zake. Mwakio akabaki na chipsi zake. Mimi nikateremka kwa mlango mwingine.

Supu ilikuwa imeshaletwa. Nikamwona mlangoni. Mama, koti lile. Mabega ya Baba, shingo ya Baba, tai imekaa upande. Alipita katikati ya meza zile zote, akavuta kiti chake, akaketi kando ya kiti chako. Viwiko chini. Akachukua kijiko sahihi.

Yule mama wa Kiingereza akamkaribisha vizuri, kisha, kwa adabu zao, akauliza hiki kiti kingine ni cha nani. Nilifungua mdomo nijibu. Mwakio akaniwahi.

"Cha mke wangu," akasema.

Kijiko cha mama wa watu kikasimama hewani. Kamtazama mtoto, kanitazama mimi, karudi kwa mtoto.

"Amefariki," Mwakio akaendelea, uso mkavu kabisa. "Alikuwa na miaka sabini na moja."

"Na mimi ni mke mwenza," akadakia Zawadi.

Mama! Nilicheka hadi nikashika meza. Nilicheka na kulia kwa pamoja, kitambaa kinanikosa uso. Kumtazama Mwakio, mabega ya Baba yanatikisika, nikadhani ni kicheko, na kilikuwa kicheko, halafu hakikuwa tena. Alilia pale pale, mbele ya lulu na mishumaa, uso kwenye mkono wa koti, na ule mstari wako ukalowa. Sikumzuia. Weita akasogea akasimama akitukinga na macho ya watu. Nilipoweza kumweleza yule mama utani wa bibi na mjukuu, naye alicheka hadi akafuta macho, kisha akamwambia Mwakio kwamba yeye ni mjane, Mwakio ni mgane, basi wao ni ndugu. Baadaye wakacheza dansi, polepole, ukumbini. Mwakio alimkanyaga mara kadhaa. Hakuna aliyejali.

Ijumaa iliyopita alitoka chumbani kabla sijamwita. Akatandika kitambaa mwenyewe, bila wanga, kimepinda, akaweka sahani nne, akafikiri, akaiacha ya nne. Tulikula mrenda. Kwa uma.

Koti liko hapa mbele yangu. Limejikunja lote, lina chumvi na kamasi na marashi ya mama wa Kiingereza. Atalihitaji siku ya kumaliza shule. Sikulipeleka kwa dobi. Nitanyunyiza maji kwa vidole kama wewe, nitalinyoosha mimi, na safari hii nitamwita asimame kando aone, ili siku mimi sipo pasi isiishe. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa, Mama. Mumeo yuko sebuleni na simu yake. Nimemwuliza nikuandikie nini. Hakuinua hata macho.

"Mwambie bado sijaoa."

Mwanao,
Wakesho