Viwavi Kwenye Ukoka wa Shangazi

Alhamisi, 16 Januari. Asubuhi mawingu mepesi, upepo kidogo kutoka mashariki. Udongo bado una unyevu wa mvua ya juzi.

Shangazi,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini mkono umekataa kuandika kitu kingine kabla ya neno hilo. Ungesema, "Marahaba, Katibu," halafu ungeuliza leo nimeandika nini kwenye daftari langu, huku unacheka. Hukuwahi kuelewa kwa nini mtu mzima aandike kwamba mbuzi wa jirani amepita saa mbili na robo.

Leo nina la maana. Ni habari ya ukoka wako.

Tangu tukuzike Hombolo mwishoni mwa Novemba, nyumba hii ya Nzuguni nimebaki nayo peke yangu. Maji ya bomba bado yanatoka Jumanne na Ijumaa tu. Kiti chako cha kamba nimekirudisha ndani kwa sababu ya mvua. Taa ya nje, ile ya ukutani juu ya mlango, inawaka usiku kucha. Waombolezaji waliolala kwenye mikeka uani waliiwasha usiku wa kwanza, na walipoondoka sikuizima. Wewe ulikuwa unaizima saa tatu na nusu kila siku ya Mungu, ukisema, "Taa ni ya watu, si ya wadudu." Nimeiacha tu. Uani pakiwa na mwanga naona kama hujaingia kulala.

Yona naye anakuja kila Jumapili baada ya ibada. Mdogo wangu amenunua gari, na tangu Krismasi anataka uani tung'oe nyasi tupange matofali ya zege, apate pa kuegesha bila tope. Nimekuwa nikimkatalia. Nilimwambia ukoka ule uliubeba kwenye gunia kutoka Hombolo, ukaupanda kipande kwa kipande ukiwa umepiga magoti, na sisi wawili tukikuletea maji kwa makopo. Akasema, "Dada, nakumbuka. Magoti yangu pia yanakumbuka." Lakini hakuacha.

Sasa tarehe. Ijumaa ya tarehe 3 niliona doa la kahawia chini ya ukuta wa mbele, ukubwa wa sinia. Jumapili lilikuwa ukubwa wa mkeka. Unajua nilifanya nini? Nilichokifanya ni kile ambacho mtu yeyote wa Dodoma angefanya. Nikasema ni kiu. Mvua ilikuwa imenyesha mara tatu wiki ile, nimeziandika zote tatu, lakini macho yetu sisi yakiona nyasi za kahawia akili inakimbilia ndoo. Nikamwaga maji ya kusuuzia nguo asubuhi na jioni, kama ulivyonifundisha: maji ya kwanza yenye povu yaende chooni, maji ya pili na ya tatu yaende kwenye ukoka. Doa likaendelea kukua. Nikapima kwa hatua, kutoka ukutani kuelekea kwenye geti. Hatua mbili. Kesho yake tatu. Kesho kutwa tano.

Jambo jingine niliandika bila kulielewa. Kuku wa Mama Zuhura, jirani, walianza kuruka senyenge kila asubuhi, moja kwa moja hadi kwenye lile doa, wanachakura kama wamelipwa. Nikadhani wao ndio wanaoharibu. Nikawa nawarushia mawe. Siku nne nzima nimewarushia mawe, Shangazi, na kwenye daftari nimeandika "kuku waharibifu" mara nne.

Jumapili iliyopita, tarehe 12, Yona alisimama pale kwenye kahawia, akasugua na kiatu. "Hili limekufa, Dada. Hata yeye angekwambia limekufa. Alhamisi nakuja na fundi kupima." Nilikuwa nimemwagilia wiki nzima na nyasi zilikuwa zimekufa mikononi mwangu, miezi miwili haijatimia tangu uondoke.

Siku hiyo hiyo jioni nilifua mashuka. Usinikasirikie. Kichwa changu hakikuwa pale, nikalibeba beseni la povu badala ya lile la kusuuzia, na nikalimwaga lote kwenye ukoka, pale mpakani ambapo kahawia inakutana na kijani. Nilipoona povu jeupe limekaa juu ya majani nilishika kichwa. Ulishatupiga kofi Yona na mimi kwa kosa hilo. Nikachuchumaa, nikaanza kupepea kwa mikono kama vile povu linaweza kupepewa.

Ndipo ardhi ikaanza kusogea.

Kwanza mmoja, halafu kumi, halafu sikuweza kuhesabu. Viwavi. Walikuwa wanatoka chini, kwenye matandiko ya majani makavu yaliyo karibu na udongo, wanapanda juu ya povu wakijinyonganyonga. Nilikaa palepale mpaka miguu ikafa ganzi. Nilitakiwa kuogopa, lakini nilichosikia ni furaha ya ajabu, kama mtu aliyepata funguo ndani ya mfuko alioupekua mara kumi. Haikuwa kiu! Walikuwa wanalala mchana chini ya nyayo zangu na kula jua likizama, na mimi nikiwaletea maji.

Nilichoma vijiti vinne ardhini kupata eneo la mraba, kila upande urefu wa rula, nikamwaga povu tena, nikasubiri na saa mkononi. Ndani ya dakika tano walitoka kumi na tisa. Mita chache mbali, palipo kijani kabisa, walitoka wawili. Niliwatia saba kwenye kopo, nikawatazama kwa miwani yako ya kusomea, ambayo kwa kazi hii ni mizuri kuliko macho. Kichwani, katikati ya macho, wana mstari mweupe unaofanana na herufi Y iliyosimamishwa miguu juu. Karibu na mkia wana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Ukimgusa anajikunja.

Jumatatu nilipeleka kopo kwenye duka la pembejeo. Dada muuzaji alilifungua, akalifunga haraka. "Hawa ni viwavijeshi, wale wale wa mahindi. Kwako wamepata nyasi, wanashukuru." Nikamuuliza dawa. Alinishangaza, kwa sababu yeye ndiye anayeuza. Alisema wale wakubwa, walio kama njiti ya kiberiti na zaidi, wameshakula walichotaka kula, siku chache zijazo watajifukia kwenye udongo wageuke nondo, na kuwapigia dawa ni kumfukuza mgeni aliyekwisha kuaga. Dawa inawafaa wadogo, tena jioni wanapotoka kula, na baada ya hapo mtu asimwagilie. Halafu akauliza, "Kuna kuku pale?" Nikasema wapo wa jirani. Akasema, basi chagua, kuku au sumu, usichanganye.

Nikarudi nikapiga hodi kwa Mama Zuhura. Nilimweleza yote, hata mawe. Alicheka mpaka akashika mlango. "Mwenzangu, umewafukuza mafundi kazini siku nne! Haya, nitawaleta. Ila wakitaga kwako, mayai ni yangu." Tangu Jumanne anafungua geti dogo alfajiri, kuku tisa wanaingia kwa mstari. Mimi nawatangulia na povu kidogo ili viwavi wapande juu. Jogoo wake mwekundu, yule uliyekuwa unamwita Mheshimiwa, hainui kichwa hata nikipita karibu yake. Kwenye mashina yako matatu ya mahindi ukutani mwa jiko nilikuta pia unga unga kama wa mbao iliyopigwa randa ndani ya moyo wa mmea. Nimetoa viwavi kwa kijiti na kutia majivu. Mchicha hawajaugusa.

Lakini kitu kimoja kilinisumbua. Kwenye kopo langu walikuwa na ukubwa tofauti. Mmoja kama njiti, mwingine kama punje ya mchele, mwingine bila miwani humwoni. Kama wangekuja siku moja wangekuwa wa rika moja. Kwa hiyo kuna mahali wanaendelea kuzaliwa. Na kwa nini doa lilianzia ukutani, si getini?

Jumanne asubuhi nilipanda kwenye stuli, nikaangalia ukuta kuanzia chini kwenda juu. Juu ya mlango, kuzunguka taa, na chini ya ubao wa paa, kulikuwa na vitu kama vipande vya pamba chafu. Nilishaviona tangu Desemba nikadhani ni utando wa buibui. Nikagusa kimoja na ncha ya kisu. Chini ya manyoya hayo kama pamba kulikuwa na mayai madogo yamepangwa safu juu ya safu. Nimehesabu vipande kumi na moja. Vyote viko pale mwanga unapofika. Hakuna hata kimoja upande wa nyuma, kwenye giza.

Nilishuka kwenye stuli polepole.

Nondo walikuja kwenye taa, Shangazi. Kila usiku tangu matanga nimewawashia. Wametaga juu ya mlango wako, watoto wao wakaning'inia kwa nyuzi zao na kushukia kwenye ukoka wako, na mimi nilikuwa ndani nikijiambia kwamba naiacha kwa ajili yako.

Nimekwangua mayai yote nikayatia kwenye maji ya sabuni. Taa sikuizima siku hiyo, wala jana. Nakwambia ukweli kwa sababu daftari langu halisemi uongo. Mkono ulifika kwenye swichi ukarudi.

Leo saa kumi jioni Yona alikuja na fundi na kamba ya kupimia. Nikamwambia, "Kabla hujapima, kaa hapa." Nikamwaga povu mbele yake. Aliruka nyuma kama alipokuwa na miaka sita. "Hee! Dada! Na tulilala hapa siku za matanga?" Fundi alicheka. Nikang'oa, au nilijaribu kung'oa, ukoka wa kahawia. Haukung'oka. Mizizi imeshika. Nikauchana mtambaa mmoja, shina linalotambaa chini, kwa ukucha nikamwonyesha ndani, kweupe na kijani kibichi. Majani yameliwa, mmea upo. Yona naye akachuchumaa, akachana wa kwake, akachana na mwingine.

Kisha akauliza, "Wametoka wapi?" Nikamwonyesha ukuta. Akauliza, "Nani anaacha taa inawaka?"

Aliniangalia, akaangalia mlango, naye akawa ameelewa. Akakunja kamba. "Mpaka mwisho wa masika," akasema. "Kama ukoka umerudi, gari litalala barabarani. Kama haujarudi, Dada, tutapanga matofali." Nimeona ni haki. Wakati wa kuondoka akaniambia, taratibu, fundi asisikie, "Na yeye alikuwa anaizima."

Najiuliza mengi. Je, ulijua? Uliposema taa si ya wadudu, ulikuwa umewahi kuona nondo wakitaga pale, au ilikuwa ni hulka yako tu ya kutopenda kitu kitumike bila mtu? Miaka yote hiyo hatukupata viwavi hata mara moja. Ningeuliza swali hilo moja tu, ningeandika jibu na saa.

Lala salama, Shangazi. Ahadi yangu ni hii. Ukoka nitaupima kila Jumamosi kwa vijiti vyangu vinne, mpaka povu lisitoe kiwavi hata mmoja. Kuku nitawaomba msamaha kwa mtama. Maji ya kwanza yataenda chooni, isipokuwa siku ya kupima, na siku hiyo ukinipiga kofi nitapokea. Na uani patakuwa giza, kama ulivyopapenda. Nitazoea kujua kwamba umeingia kulala.

Nimezima taa saa tatu na nusu. Nimesimama dirishani kidogo. Nondo wawili walizunguka ukutani, wakaondoka. Naenda kulala, saa tano na dakika ishirini.