Neno Moja Katika Fomu ya Ajali ya Msumeno

KAMATI YA KARAKANA YA USEREMALA: KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Ofisini, madirisha wazi kwa sababu ya harufu ya vanishi
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Mpiga Randa, Mama Vanishi. Mwalikwa: Fundi Msumeno
Hakuhudhuria: Mtunza Ghala (anauguza, alitoa taarifa)

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:10 mchana na kuagiza simu zizimwe. Yake iliita baadaye.

KUMB. NA. 2/6: OMBI LA FUNDI MSUMENO
Mwenyekiti alikumbusha kwamba Fundi alikatwa vidole viwili tarehe 6 Mei. Katika fomu ya ajali, ambayo ni ya Kiingereza, Katibu aliandika chanzo kwa neno moja: "distracted". Kwa neno hilo Kamati ilimwondoa kwenye msumeno alioutumia miaka kumi na tisa, ikampa kazi ya kupanga mbao. Fundi aliomba arudishwe.

Mpiga Randa alisema neno hilo maana yake ni mzembe. Mwalimu wa mwanawe huliandika kwenye ripoti za watoto wanaochungulia dirishani. Mama Vanishi alimuuliza kama mwanawe naye hulipata kila muhula. Mwenyekiti alisoma kamusi: ni mtu ambaye umakini wake umevutwa na jambo jingine.

Fundi alisema: "Sawa, nilivutwa. Aliyenivuta mbona hayumo kwenye fomu, kaka Katibu?"



KUMB. NA. 3/6: MAELEZO YA KATIBU
Katibu alieleza kwamba kila mmoja hapa anajua utaratibu: anayemhitaji mtu wa msumeno husimama mbele ya meza, huinua mkono na kungoja aonekane. Siku ile Katibu alikuwa na haraka ya kufunga daftari la mahudhurio. Alimwita Fundi kwa jina, kutoka nyuma, mara mbili. Fundi aligeuka.

Katibu alikiri kwamba neno alilolitumia lilikuwa la kweli, na alilichagua kwa sababu lilimruhusu kuishia hapo. Aliomba radhi.

Mama Vanishi alisema: "Wiki tano, baba. Na kila asubuhi ulikuwa unamwamkia."



KUMB. NA. 4/6: MAAZIMIO
Fomu iandikwe upya kwa Kiswahili, aliyeita atajwe. Mpiga Randa alitaka Katibu avuliwe daftari. Fundi alikataa, akasema Katibu aandike kwanza hili alilolikiri. Kamati ilimrudishia Fundi msumeno kuanzia Jumatatu.

Fundi alishukuru, lakini aliomba abaki kwenye mbao. Alisema jana aliuwasha kujaribu, na kabla ubao haujagusa meno alikuwa ameshageuka kutazama nyuma. Hakuna aliyekuwa amemwita.

KUMB. NA. 5/6: KUFUNGA
Wajumbe waliondoka saa 9:25 alasiri. Msumeno haukuwa na mtu.

Mwenyekiti: ....................
Katibu (aliyeita): ....................