Pini Chini ya Simu

Kuwait, Jumamosi

Mdogo wangu Dalal,

Huku joto tu. Mama kapika machbusi, ule wali wa nyama uupendao, akakutaja weee.

Jana kwenye gari la mume wangu Mishari niliweka simu juu ya kile kibao kinachochaji bila waya. Ikagoma. Gari likasema, "Ondoa chuma kilicho katikati." Nikamtania, "Bwana wee, gari lako limeanza umbea!" Hakucheka.

Nikainua simu. Chini yake pini ya mtandio, ile ya lulu niliyokununulia Idi. Na Mishari aliniapia kwamba siku ya safari yako ya Doha ulikwenda uwanja wa ndege kwa teksi!

Pini naivaa mimi sasa. Chuma nimekiondoa, katikati umebaki wewe. Kaa hukohuko Doha.

Dada yako,
Munira