Usipouza Hujapata Hasara

Jumamosi. Jua kali, vumbi, na damu iliyokauka kwenye kitenge changu.

Leo nimemwona baba akimvunja mkono kaka yangu. Rungu lilikuwa la baba, lakini maneno yalikuwa yangu.

Niko likizo nyumbani, Misima. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya bima. Ndimi ninayeandika thamani ya hatifungani zetu, yaani mkopo tunaoipa serikali, nayo hutulipa riba hadi siku inaporudisha fedha yote. Juzi baba aliniuliza kazi yenyewe ni ipi hasa. Nikajitutumua. Nikamweleza kwamba bei ya hatifungani sokoni hupanda na kushuka, lakini zile tulizokusudia kukaa nazo hadi mwisho hatuziandiki kwa bei ya leo. Tunafuata bei tuliyonunulia.

"Usipouza, baba, hujapata hasara."

Alicheka hadi akakohoa. "Kumbe mmesomea ufugaji!"

Leo tukaenda mnadani. Malambo yamekauka, ng'ombe mbavu nje, na mnunuzi akataja bei ya matusi. Kaka Yohana, ambaye ndiye anayewachunga, alitaka tuuze kumi tuwanunulie waliobaki majani na pumba. Baba akakataa mbele ya watu: "Hata kampuni ya binti yangu haiuzi bei ikiwa chini."

Yohana akachomoa sime, akakata kamba ya ng'ombe wa kwanza ili amkabidhi mnunuzi. Baba akampiga rungu mkononi. Niliusikia mfupa. Yohana akaanguka, akainuka, akamkaba baba shingo kwa mkono uliobaki, na mzee akajigonga kisogo kwenye nguzo ya zizi. Wanaume sita ndio waliowatenganisha. Mimi nilimng'ata mmoja wao bega, na hadi sasa sijui kwa nini.

Mnunuzi yuleyule ndiye aliyetuleta mimi na Yohana Korogwe kwa gari lake; baba alikataa kupanda, akarudi nyumbani na ng'ombe wake.

Nimekaa kwenye benchi la hospitali. Nina hasira na baba, na zaidi nina hasira na mdomo wangu. Sentensi ile ina nusu ya pili ambayo kazini hatuiachi kamwe: lazima uwe na uwezo wa kusubiri. Wateja wakija kudai fidia kwa mkupuo, kampuni itauza kwa bei yoyote, na hasara yote itajitokeza siku hiyo. Tena hatifungani haili majani. Siku yake ya kukomaa inajulikana, ikifika unalipwa. Ng'ombe wa baba hawana siku hiyo.

Nilijua.

Niliikata sentensi kwa sababu baba alikuwa anacheka, na hakuwahi kabla kuifurahia kazi yangu.

Yeyo, mama yetu, amepiga simu jioni hii. Ng'ombe wawili wamelala, hawakuinuka tena. Baba amekaa kando yao, kichwa kimefungwa kitambaa, na anamwuliza kila apitaye: "Kwani nimeuza?"

Kesho asubuhi narudi Misima kumwambia nusu iliyobaki. Rungu bado analo, na sitakimbia.