Ngoma Yako ya Tatu

Amani rafiki yangu,

Siwezi kukaa. Nakuandikia nimesimama hapa jikoni kwetu Stafford, pembeni ya Houston, na mama ameshaniuliza mara mbili kama nina wadudu miguuni. Wametupandisha, Amani. Msimu tuliuanza daraja A, lile la vikundi vya ngoma vinavyoanza, na Jumamosi kule Arlington waamuzi wakasema pale hapatufai tena, twende Open, daraja la juu yake. Tena wakamwambia kocha waziwazi kwamba wangependa kutuona kwenye mashindano ya taifa. Wewe ndiye uliyekuwa unayaota hayo. Mimi nilikuwa nakuja mazoezini kwa ajili ya pizza.

Sasa nikuambie kinachonikosesha raha. Tangu ule ugonjwa wa damu ukuchukue, ngoma yako hatujampa mtu. Unajua sisi wa ngoma kubwa tuko watano, kila mmoja ana mapigo yake tu, na muziki unapita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mimi namba mbili, wewe namba tatu. Basi tulikubaliana ngoma yako tuiweke kwenye stendi katikati yetu, na zamu yako ikifika tunyamaze. Arlington watu walilia. Nikajiona nimekutendea haki.

Kocha anasema huko Open pengo hawalisamehe. Ama mtu aingie pale, ama taifa tusahau. Nilimjibu vibaya mbele ya wenzangu. Nikasema hakuna atakayeigusa ngoma hiyo nikiwa hai.

Halafu mama yako. Aliomba ruhusa kazini kule warehouse aje Arlington kututazama, akakaa juu kabisa kwenye viti vya watazamaji na ule mkoba wake. Tulipomaliza akashuka, watu wanamkumbatia, na mimi nangoja anishukuru, nakuambia ukweli. Akanishika mkono. "Mutoto yangu hakukuwaka kimya hata siku moja. Mbona munamunyamazisha?"

Nilikosa pa kuuficha uso. Kwenye basi mpaka Houston hilo ndilo nililowaza. Wewe ulikuwa unaongea hata na mashine ya soda, Amani, na sisi tukakupa ukimya.

Jana nimemwomba kocha radhi. Namba mbili amepewa msichana aliyejiunga juzi, na mimi nimevaa ngoma yako. Mikanda inanipwaya, ulikuwa na mabega kama mlango wewe. Tukaanza. Ilipofika zamu yako wote wakasita, na mimi mwenyewe nikasita, mikono iko juu. Tumezoea kukungoja. Tuliporudia nikapiga, ila mapema, kama kawaida yangu, na nikakusikia kabisa: "Dada, unakimbiaka wapi? Muziki haina treni." Nikacheka, nikalia, kocha akasema tupumzike.

Nimekukasirikia pia, ujue. Nani sasa atanizuia nisikimbie?

Taifa tunakwenda, na mama yako nitahakikisha yupo, amekaa juu kabisa na mkoba wake. Nakuahidi zamu yako ikifika hatasikia kimya. Na kwa ajili yako, siku hiyo moja, sitakimbia.

Pumzika, rafiki yangu. Kelele tuachie sisi.

Neema, namba tatu