Kioo cha Kompyuta na Miti ya Uchindile

Ifakara

Mdogo wangu Damasi,

Marahaba. Najua umekwisha kuniamkia kabla hujafungua bahasha. Uniwie radhi kwa kimya kirefu. Hukunikosea, wala sikuugua. Macho ni yale yale. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba wifi yangu Skola hajakuruhusu kupanda mlimani huko Uchindile kabla halijapona. Nilinyamaza kwa makusudi, na sababu yake utaiona.

Kompyuta mpakato uliyoninunulia ulipouza miti ya kwanza imeharibika kioo. Kaa chini. Usitoke nje. Soma mpaka mwisho.

Masika yalipoanza, bati la juu ya meza yangu lilivuja. Matone machache tu yaliidondokea kompyuta, ikaanza kuonyesha mistari. Mimi nilikuwa kanisani. Mkwe wangu Leokadia, kwa moyo mwema kabisa, aliifukia ndani ya gunia la mpunga ili unyevu unyonywe. Muda si muda mwanangu Beda akaingia na magunia mengine kutoka ghalani, maana huko nako kunavuja, akayapanga juu ya hilo. Niliporudi niliuliza kompyuta iko wapi.

"Imo kwenye mpunga, Mama," alisema Leokadia. "Simu yangu ilipona hivyo hivyo."

"Simu yako uliiweka kwenye bakuli la mchele. Hii iko kwenye gunia lipi?"

Alilitazama rundo. "La chini."

Beda alicheka, kisha akauona uso wangu, akaacha.

Tulipoitoa, kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe, na makapi yamejaa katikati ya vibonyezo. Ukiiwasha inavuma kama kawaida, lakini uso wake ni mweusi. Kitabu changu cha sarufi, kilichobakiza sura moja tu, kimo humo ndani nami sikioni. Kukimalizia kwa mkono siwezi. Kwenye kompyuta nilikuwa nazikuza herufi mpaka macho yangu yakaridhika. Barua hii naiandika kwa kalamu nene, maneno machache kwa mstari, na bado nabahatisha.

Niliipeleka kwa Hassani, fundi wa simu na kompyuta karibu na soko.

"Mwalimu, mashine ni nzima na kazi zako zote zimo," alisema. "Kioo ndicho kilichokufa."

"Basi weka kingine."

"Cha aina hii hapa mjini hakuna. Nikiagiza Dar es Salaam, wataniletea kilichotolewa kwenye mashine iliyokufa."

"Kwa hiyo utanifungia kioo cha marehemu."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini marehemu mwenye macho mazima."

Nilimuuliza kitadumu muda gani. Akasema kinaweza kudumu miaka, kinaweza pia kuzimika mwezi huo huo; angekuwa yeye, angenunua kompyuta nyingine. Nilimwambia kwamba yeye si mimi, nikamwachia mashine ili nikafikiri.

Nilipokwenda tena, mlango ulikuwa na kufuli. Mama anayeuza vitumbua jirani yake alinihurumia.

"Yuko shamba, Mwalimu, kule Mofu. Anaamia ndege."

"Na kompyuta yangu?"

"Imo ndani. Ufunguo kaenda nao."

"Atarudi lini?"

"Mpunga ukiingia ndani, naye atarudi."

Nimeishi katika bonde hili tangu nilipoajiriwa, na najua kwamba msimu huu hata nusu ya kwaya yetu huhamia mashambani. Hata hivyo sikutarajia kwamba kompyuta yangu ingefungiwa gizani ili kwelea kwelea wafukuzwe Mofu. Nikimpigia simu nasikia debe likigongwa, kisha sauti yake: "Mwalimu, ndege hao! Nitakupigia!" Hajapiga.

Beda alipoona nimechoka kungoja, alisema, "Mama, si umwambie Mjomba? Mjomba ana miti."

Hilo ndilo nililoliogopa tangu mwanzo, na ndilo lililoninyamazisha. Nakujua, Damasi. Ukisikia nina shida, unashika msumeno kwanza, unauliza baadaye. Miti ile ya kwanza ilikuwa imekomaa. Hii iliyobaki bado michanga. Ukiiangusha sasa, mnunuzi ataichukua kama kuni, na mwanao Anjela ataingia sekondari kwa kutegemea nini? Juzi nimegundua kwamba Beda amekwisha kukutumia habari hizi kwa mdomo wa msafiri wa treni, bila ruhusa yangu. Tumegombana. Barua hii nayo inakuja kwa treni, na naomba ikukute hujaingia shambani.

Shauri ni langu. Ama nitakubali kioo cha marehemu, ama nitajiwekea akiba kutoka kwenye pensheni yangu mpaka nipate mashine nyingine, hata kama kitabu kitachelewa. Sitaamua nikiwa na hasira, na kwa sasa nina hasira.

Msalimie Mama Mdogo wetu, umwambie dawa ya kuchua niliyomwahidi inakuja na mleta barua huyu. Mwambie Anjela kwamba shangazi yake anataka kuiona ripoti yake ya shule, si kusimuliwa. Wifi yangu nampa kazi moja: auchukue msumeno, auweke chini ya kitanda upande anaolala yeye.

Hassani akirudi nitaamua, na nikishaamua nitakuandikia. Mstari huu wa mwisho nimeuandika kwa herufi kubwa kuliko yote, ili usije ukasema hukuwa na miwani:

USIKATE MITI.

Ni mimi dada yako, na sitanii,
Mwalimu Teodosia